Tirikeza: Historia ya Kuchoka na Kupumzika, kutoka Njia ya Bagamoyo hadi Cheektowaga

Ijumaa moja ya mwezi wa pili tulikutana Cheektowaga, sebuleni kwa mwanachama mwenzetu, si mbali na Walden Avenue, kujadili ngeli ya PA-KU-MU. Tulikuwa kumi na mmoja. Ilipofika saa mbili usiku wanne walikuwa wamelala: wawili kwenye kochi, mmoja amekaa wima kama mlinzi, na mmoja ameegemea friji huku kikombe cha chai kiko mkononi. Tulicheka, tukawapiga picha. Wiki mbili baadaye yule wa kwenye friji alisinzia akiendesha gari asubuhi akitoka kazini, na gari likapanda ukuta wa theluji kando ya barabara. Yeye hakuumia. Gari halikupona. Alipokuja kwenye kikao kilichofuata alituomba radhi kwa kukosa kuandaa mada yake, na neno alilotumia lilikuwa uvivu. "Nisameheni jamani, uvivu umenizidi."

Neno hilo ndilo lililotutuma kuandika makala haya. Mtu ametoka kufanya zamu nne za usiku, saa kumi na mbili kila moja, na katikati yake amehudhuria vipindi vitatu vya chuo, halafu anajiita mvivu. Amelipata wapi neno hilo? Sisi tulioandika ni watatu: mmoja alikulia Uvira na baadaye kambi ya Nyarugusu, mmoja ni mtu wa Mombasa, na mmoja ni Mmarekani aliyezaliwa hapahapa Buffalo na kujifunza Kiswahili darasani. Tulipoanza kusoma tulidhani tutaandika ushauri: usingizi, maji, mazoezi. Mwalimu wetu mmoja akatuuliza kama uchovu una historia, na swali hilo likatupeleka mbali na ushauri.

Tuanze na lugha yenyewe. Kupumzika kunatokana na pumzi. Asiyepumzika, kwa maana ya neno lenyewe, hajapata nafasi ya kuvuta hewa. Msongo wa mawazo nao unatokana na kusonga, kitenzi kilekile kinachozaa msongamano wa watu sokoni. Hapa hatuna ugonjwa wa mtu mmoja kichwani mwake. Tuna vitu vingi vilivyobanana mahali padogo, na swali la kawaida la mtu anayeona msongamano ni nani amevipanga hivyo.

Kisha tazama saa na wiki. Saa ya Kiswahili huhesabu mchana peke yake na usiku peke yake, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Mwenzetu anayeingia ghalani saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi ametoa usiku mzima, kuanzia saa ya kwanza hadi ya mwisho. Na wiki yetu huanza Jumamosi, siku ya kwanza, kwa sababu inahesabiwa kutoka Ijumaa. Watu waliozipa siku hizi majina walianza hesabu palipoishia siku ya kukusanyika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huona jambo hili ni la kuchekesha, maana kwao Jumamosi ni mwisho wa juma. Mtu wa pwani huona wao ndio walioanza kuhesabu vibaya.

Wafanyakazi mashuhuri kuliko wote wa Afrika Mashariki ya karne ya 19 walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka bara, na nguo, shanga na nyaya kutoka pwani, katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, na mpagazi alibeba pia mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wengi walikuwa Wanyamwezi walioifanya kazi hii kwa ujira, na mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba walikuwa na utaratibu wao ambao mwenye msafara hakuweza kuuvunja atakavyo. Safari ilianza alfajiri. Kirangozi alitangulia. Jua lilipopanda, msafara ulitua, kambi ikajengwa, watu wakapika. Alasiri ilikuwa ya kushona mkeka, kutafuta chakula, kupiga soga na kulala. Msafiri aliyetaka kwenda haraka zaidi alikuta mizigo imekaa chini na wenye mizigo wamekaa juu yake.

Kulikuwa na jina la safari iliyovunja utaratibu huo: tirikeza. Hii ilikuwa kutembea mchana, baada ya jua kupanda, hasa mahali pasipo na maji ambapo ilibidi kuvuka kwa mkupuo. Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka pwani mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake cha safari mwaka 1860, aliitaja kuwa miongoni mwa mateso makubwa ya njia. Na Burton hakuwa mtu wa kuwahurumia wapagazi. Lililotugusa sisi ni kwamba walikuwa nalo neno. Walijua tofauti kati ya kazi na kazi iliyopita kiasi, wakaipa jina, na jina hilo likajulikana na kila aliyepita njia ile. Anayesema "leo ni tirikeza" hasemi kwamba yeye ni dhaifu. Anaeleza safari ilivyo.

Hatutaki kuipaka rangi njia ile. Wagonjwa waliachwa, watu walikufa kwa ndui na njaa, na katika misafara mingine waliotembea walikuwa watumwa wenye minyororo. Huko Unguja, katika mashamba ya karafuu, watumwa mara nyingi waliachiwa siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, lakini ziliachwa ili walime vishamba vyao wenyewe na kujilisha, gharama ya chakula isimwangukie bwana. Siku isiyo ya bwana si lazima iwe siku ya kupumzika. Wenzetu wanaofanya kazi ya pili siku za mapumziko ya kazi ya kwanza wanalielewa hilo bila maelezo.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu neno uvivu lilikuja na ndugu yake. Mwaka 1869 daktari wa New York, George Beard, aliutangaza ugonjwa alioupa jina nyurastenia: uchovu usiokwisha, kukosa usingizi, kichwa kuuma, wasiwasi. Mwaka 1881 akaandika kitabu kizima kueleza kwa nini Wamarekani wanaugua hivyo. Sababu alizozitaja zilikuwa tano: nguvu ya mvuke, magazeti, simu ya maandishi, sayansi, na wanawake kutumia akili zao. (Dada zetu chamani wameiomba hiyo ya tano ichapishwe kwa herufi kubwa. Tumekataa.) Kwa Beard huu ulikuwa ugonjwa wa watu waliostaarabika, wafanyao kazi ya ubongo. Mvunja mawe na mwosha nguo hawakuwa katika hesabu yake. Nao matajiri waliopatikana nao walipewa tiba ya kupumzika ya Silas Weir Mitchell wa Philadelphia: kulala kitandani kwa majuma, kulishwa maziwa na kukandwa. Wanawake waliofungiwa hivyo hawakuifurahia hata kidogo, lakini angalau daktari alikubali kwamba wamechoka.

Ugonjwa huo ulifika Afrika Mashariki ndani ya mabegi ya maofisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa kikoloni walikuwa na nyurastenia ya tropiki, na ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuwarudisha maofisa Uingereza kabla ya muda wao. Ofisa wa Kenya au Uganda aliyekasirika ovyo, asiyelala, aliyesahau mambo, aliandikiwa kwamba jua na upweke vimemharibu mishipa ya fahamu, akapandishwa meli. Katika miaka hiyohiyo, ripoti na magazeti ya walowezi yalijaa malalamiko kwamba Mwafrika ni mvivu. Dalili zilizofanana zilipata majina mawili, na jina ndilo lililoamua nani anapewa likizo na nani anapewa kiboko.

Mfano mchungu zaidi tunautembelea kila tukienda Dar es Salaam au Nairobi kununua nguo. Kariakoo na Kariokor ni majina yaliyobaki kutoka kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza, Carrier Corps, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wabeba mizigo waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, chakula kibaya na kuchoka. Wapagazi wale wale, au watoto wao, njia nyingine zilezile, lakini safari hii amri ya kutua haikuwa ya kirangozi. Vita vyote vilikuwa tirikeza.

Mombasa ilikuwa na njia yake ya kujilinda. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu kwa kazi ya siku moja, na jina la karatasi likawa jina la mtu. Bandarini kibarua alikwenda siku alizotaka, akavunjika mgongo kupakua meli, akalipwa, na kesho akalala au akaenda shamba au kwenye ngoma. Frederick Cooper, aliyeandika historia ya bandari ile, anaonyesha jinsi maofisa walivyoichukia tabia hiyo. Waliiona fujo. Kwa kibarua ilikuwa ndiyo likizo pekee aliyokuwa nayo, na aliigharamia mwenyewe. Baada ya migomo, mkubwa zaidi ule wa Januari 1947 uliosimamisha mji karibu majuma mawili, serikali na makampuni yaliamua kuwapanga. Katika miaka ya 1950 vibarua waliandikishwa, na aliyeandikishwa ilimbidi atimize idadi fulani ya zamu kila mwezi la sivyo jina linafutwa. Mshahara ulipanda. Kesho ya kulala ikapotea. Mwenzetu wa Mombasa anasema wazee wa mtaani kwao walikuwa bado wanabishana juu ya jambo hilo, kama ilikuwa biashara nzuri au la, na hakuna aliyewahi kushinda.

Basi, Buffalo. Tunatoka bandari moja na kuingia nyingine, maana mji huu ulikua kwa vibarua wa kupakua nafaka kando ya Ziwa Erie. Mnamo Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika hapa kwa waya na kuendesha tramu, na mji ukajivunia kuitwa Mji wa Mwanga. Mwanga huo ulikuwa na upande wake wa pili: usiku ukawa muda wa kazi kama mchana. Kusini mwa mji, Lackawanna, kampuni ya chuma iliyohamia kutoka Scranton ilijenga matanuru mwanzoni mwa karne ya 20, na tanuru halizimwi. Palikuja Wapolandi, Waairishi, Waitaliano, Weusi kutoka kusini, na baadaye Wayemeni, ambao wajukuu wao bado wanaishi pale. Tukiwaendea dukani kununua mchele tunasalimiana kwa maneno ambayo pwani yetu iliyapata kutoka kwao.

Katika viwanda vya chuma vya Marekani zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili. Kundi moja lilifanya mchana na jingine usiku, na baada ya juma moja au mawili yalibadilishana. Siku ya kubadilishana, kundi moja lilipumzika saa 24, na jingine lilisimama mbele ya tanuru saa 24 mfululizo. Waliita zamu ndefu. Mwenzetu Mmarekani, ambaye baba wa babu yake alifanya kazi hiyo katika mji mwingine wa chuma, aliposoma habari za tirikeza alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe na sisi tulikuwa na neno."

Mgomo mkubwa wa chuma ulianza tarehe 22 Septemba 1919, na Lackawanna ilikuwa ndani yake. Katika madai yao palikuwa na siku ya kazi ya saa nane, siku moja ya kupumzika katika saba, na kufutwa kwa zamu ya saa 24. Walishindwa, mgomo ulikwisha Januari 1920. Mwaka 1922 Rais Harding aliwaita wakubwa wa chuma kwenye chakula cha jioni kuwaomba waiache zamu ya saa kumi na mbili. Wakaunda kamati. Mei 1923 kamati ikajibu kwamba haiwezekani, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba wafanyakazi wenyewe wanapenda saa nyingi ili wapate fedha zaidi. Makelele ya umma yalikuwa makubwa mno, na kabla majira ya joto hayajaisha makampuni yakageuza kauli na kuanza kuleta zamu ya saa nane.

Hoja ile, kwamba wenyewe wanapenda, ilitusumbua kuliko kitu kingine tulichosoma, kwa sababu ni kweli na si kweli. Mwenzetu aliyesinzia barabarani hakulazimishwa na mtu. Aliomba saa za ziada mwenyewe. Mama mdogo wake yuko Bukavu, ada ya wadogo zake inasubiri, na kodi ya nyumba ya Cheektowaga haijui PA-KU-MU. Anapenda saa nyingi kama mpagazi anavyopenda tirikeza pasipo na maji: anataka kufika upande wa pili.

Sheria nazo tulizitafuta. Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938 haimwekei mtu mzima kikomo cha saa. Inaagiza tu kwamba zinazozidi kiwango, ambacho tangu 1940 ni 40 kwa wiki, zilipwe mara moja na nusu kwa walio wengi. Lakini jimbo la New York lilipitisha mwaka 1913 sheria ya siku moja ya kupumzika katika saba kwa viwanda na maduka, na kesi iliyoithibitisha mahakamani mwaka 1915 ilihusu kampuni ya nyama ya hapahapa Buffalo, Klinck. Sheria hiyo ingalipo. Kati yetu kumi na mmoja hakuna aliyekuwa ameisikia.

Tuliwapigia simu ndugu zetu wa Louisville na Columbus tusije tukadhani ni shida ya theluji yetu. Louisville ina kitovu kikubwa cha ndege za vifurushi cha UPS, ambacho moyo wake hupiga usiku wa manane, na tangu 1998 kuna mpango maalumu, Metropolitan College, ambapo mwanafunzi anafanya kazi usiku na ada yake inalipwa. Wakongo wengi waliohamishiwa Kentucky wana mtoto au jirani aliyeujaribu. Dada mmoja alituambia ameshukuru, amehitimu, na mpaka leo hawezi kulala kabla ya saa kumi alfajiri. Columbus tulizungumza na mzee wa Kisomali Bantu aliyetoka Kakuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu ambaye wazee wake walichukuliwa utumwani kutoka nchi ya Wazigua karne ya 19, na nyumbani kwake bado kinasemwa Kizigua. Tulimuuliza anapumzikaje. Akatuuliza: peke yangu au na watu? Tukasema peke yako. Akasema huko ni kulala tu.

Sayansi kwa kiasi fulani iko upande wake. Hans Selye wa Montreal, ambaye utafiti wake wa 1936 ndio uliolifanya jambo la msongo liwe somo la maabara, alieleza hatua tatu: mwili unashtuka, kisha unastahimili, kisha unaishiwa. Hatua ya kustahimili ndiyo inayodanganya, kwa sababu mtu huonekana amezoea. Waliotunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2017 walieleza saa iliyomo ndani ya chembe za mwili, na saa hiyo, kama ya Kiswahili, hutofautisha usiku na mchana. Haibadilishwi kwa kahawa. Anayefanya kazi usiku anahitaji chumba chenye giza, saa ileile ya kulala hata siku asiyofanya kazi kama anaweza, kulala kidogo kabla ya zamu, na asishike usukani akitoka. Hayo yanajulikana. Tatizo ni kwamba karibu kila moja linahitaji mtu mwingine: wa kunyamazisha watoto mchana, wa kuendesha gari, wa kumwandikia nukuu za darasani.

Kwa hiyo tulipomaliza kusoma tulirudi kwenye sebule ileile na kupanga mambo madogo. Kikao kimehama kutoka Ijumaa usiku hadi Jumapili saa tisa alasiri, kwa kuwa hesabu yetu ilionyesha ndiyo saa ambayo wengi wamekwisha kulala. Kuna orodha ya wanaotoka zamu na orodha ya wenye magari ambao huamka mapema, na kila asubuhi ya siku za kazi mmoja huwapitia wengine. Aliyepewa lifti haruhusiwi kuzungumza, analala. Nukuu za vipindi zinaandikwa kwa zamu. Walimu wetu wawili wamekubali mada ziletwe siku tatu baadaye kwa anayesema neno moja tu bila maelezo zaidi. Neno lenyewe lilichaguliwa kwa kura, tisa kwa mbili. Juzi mwenzetu wa kwenye friji alilituma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye simu, herufi ndogo zote: tirikeza. Aliyekuwa kwenye orodha ya magari siku hiyo alikwenda kumchukua.